Msaragambo wa ndiva Jumamosi

Wanandiva wenzangu, habari za jioni. Wazee wetu, shikamooni.

Jumamosi hii saa 1 asubuhi tunaanza msaragambo, yaani kazi yetu ya pamoja, kujenga upya ukuta wa ndiva, bwawa letu dogo la kukusanya maji ya mfereji. Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi tusijaze maji, tope likauke.

1. Kila kaya ilete mtu mmoja na jembe au sururu.
2. Mchango wa saruji sh 10,000, kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.

Ukuta umechoka: tunajaza usiku, maji yanavuja, asubuhi wenzetu wa mwisho wa mfereji wanakosa. Tutaacha pia tundu la kupitisha maji mtoni kwa ajili ya watu wa bondeni. Hilo naomba sana tusilipinge.

Andikeni jina na "nakuja" hapa kabla ya Jumatano usiku. Mwenye udhuru aseme mapema tumpangie zamu nyingine.