Kwa wazazi wa mtaa wetu wanaotaka kupeleka watoto ng'ambo

Wanangu wa South C,

Jumapili, baada ya mkutano wa chama, niliwasikia mkizungumzia shule za bweni za Uingereza na Marekani. Sikutia neno kwa sababu watoto walikuwa wamekaa hapo hapo. Leo nasema.

Nimefundisha shule za msingi hapa Nairobi miaka 31, na mjukuu wangu alipelekwa Uingereza akiwa na miaka 13. Simkatazi mtu. Lakini kabla hujauza ploti ya Kitengela, jiulize: bweni likifungwa katikati ya muhula, mtoto atalala wapi?

Mabweni mengi ya kule hufungwa kwa likizo fupi ya wiki moja au zaidi, na wanafunzi hutakiwa kuondoka. Wa Nairobi hawezi kupanda ndege kila mara, ndiyo maana shule hudai mlezi anayeishi huko huko. Wetu tulimpata kwa wakala, tukalipa, tukapewa jina na namba ya simu. Oktoba ile mtoto alisimama getini na begi lake mpaka giza likaingia. Akampigia mama yake akilia, na mama yuko hapa, hana la kufanya. Mwalimu wa bweni ndiye aliyemchukua nyumbani kwake usiku ule. Mpaka leo nikilisimulia koo hunikaba.

Kwa hiyo mlezi mjueni. Ongeeni naye kwa video, mwone nyumba yake, mjue anaishi na nani. Kisha mwacheni mtoto azungumze naye peke yake, halafu mumsikilize mtoto.

Kuhusu visa, msidanganywe na madalali. Uingereza hutoa visa ya mwanafunzi mtoto kwa wa miaka 4 hadi 17, kwa shule za binafsi za kulipia. Shule za serikali hazimo. Karo hizo zinatozwa kodi ya VAT ya asilimia 20 tangu Januari 2025, basi bei aliyoambiwa jirani yako miaka mitatu iliyopita isahau. Mzazi mmoja anaweza kumfuata mtoto aliye chini ya miaka 12, ila haruhusiwi kufanya kazi, na hilo limewavuruga wengi waliodhani watajitafutia huko huko. Marekani, mwenye visa ya mwanafunzi, ile ya F-1, haruhusiwi shule ya msingi ya umma kabisa. Sekondari ya umma ni miezi 12 tu, tena mzazi alipe gharama yote. Anayekuahidi masomo ya bure kwa njia hiyo anataka pesa zako.

Alhamisi jioni huwa niko nyumbani. Njooni na barua ya shule na karatasi za mlezi tuzisome mstari kwa mstari. Na mtoto mwenyewe aje. Nataka kumsikia akisema kama anataka kwenda.

Mwalimu wenu