Anayemtibu mgonjwa ni huyo binti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotuumiza sisi tunaofanya kazi kwenye magari ya wagonjwa hapa Dodoma.

Hivi karibuni tuliitwa kwenye ajali ya bodaboda upande wa Kibaigwa, barabara ya Morogoro. Kijana alikuwa amevunjika paja, suruali imelowa damu. Nimepiga magoti namfunga bandeji, mzee mmoja akanishika bega: "Binti, hebu mpishe daktari." Daktari aliyemkusudia ni dereva wetu, mtu mzima mwenye mvi, aliyekuwa anashusha machela. Dereva akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, anayemtibu hapa ni huyo binti." Ndugu wakaanza kubishana, wengine wakitaka isubiriwe gari nyingine. Mfupa wa paja ukivunjika, damu inayovujia ndani kwa ndani inaweza kuzidi lita moja, na kwa nje usione kitu.

Mzee yule simlaumu sana, hofu ilikuwa imemshika. Ninaowalaumu ni wenzetu wa afya. Unafika mapokezi na karatasi mkononi, ina presha, mapigo ya moyo na saa uliyofunga bandeji, halafu wa zamu anakupita anamuuliza dereva, "Ilikuwaje?" Dereva atajuaje, naye macho yalikuwa barabarani?

Hata wakubwa hawasalimiki. Mwenzangu anayekaribia miaka 60 ya kustaafu huambiwa, "Mmetuletea babu, ataweza kubeba?" Huyo ndiye aliyenifundisha kumtambua mgonjwa anayezidiwa kwa kumtazama tu midomo na anavyohema.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kubagua kwa jinsi au umri. Lakini kituo nilichoanzia kazi, wanawake tulipangiwa safari za wajawazito tu, zile zinazoombwa kwa kupiga simu namba 115, ajali wakaachiwa wanaume. Eti tusichoke! Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, usiku, kwenye barabara ya vumbi, nani alisema ni kazi nyepesi?

Nawaomba waganga wakuu wa wilaya waagize mapokezi yote yapokee taarifa kwa aliyekaa na mgonjwa nyuma ya gari, na aliyepokea asaini. Na kwenye vizibao vyetu iandikwe mgongoni kwa herufi kubwa nani ni mhudumu wa dharura na nani ni dereva.

Mhudumu wa gari la wagonjwa,
Dodoma