Ile 4,294,967,297 yako

Zuberi rafiki yangu,

Salaam nyingi, na mama msalimie. Mengine nitaandika siku nyingine, maana hii habari kwamba programu yako imeipitisha 2^32 + 1, yaani 4,294,967,297, kuwa namba tasa haingoji. Tafadhali usimpe Saida karatasi zile kabla hujasoma hapa.

Kwanza, ile 1 inayotokea ukiichapisha namba yenyewe. Kigeu cha biti 32, yaani nafasi ambamo programu inahifadhi namba, kinaishia 4,294,967,295. Ukiongeza moja kinarudi 0, ukiongeza nyingine ndiyo hiyo 1. Kifanye cha biti 64.

Hata hapo jaribio la Fermat kwa msingi wa 2 litakudanganya: hilo hupandisha 2 kwa kipeo cha namba kasoro 1, hugawanya kwa namba yenyewe, na baki ikiwa 1 huipitisha kuwa tasa. Ukigawanya kwa namba yetu, 2^32 inabakiza −1 (yaani imepungukiwa 1 tu ili igawanyike), basi 2^64, ambayo ni mraba wake, inabakiza 1. Na kipeo cha jaribio, ambacho ni 2^32, kinagawanyika kwa 64. Jibu ni 1 tu, iwe tasa isiwe. Tumia 3: ingekuwa tasa, 3 kwa kipeo cha 2^31 ingebakiza −1. Haibakizi.

Fermat mwenyewe, mwanahisabati wa karne ya 17, aliamini ni tasa, kwa kuwa 3, 5, 17, 257 na 65,537 zilizotangulia za aina hii (2^1 + 1, 2^2 + 1, 2^4 + 1, 2^8 + 1, 2^16 + 1) ni tasa kweli. Mwanahisabati Euler akaivunja mwaka 1732: 641 × 6,700,417. Rehema anadhani alibahatisha, na hapo namkatalia kabisa! Euler alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii ni 64k + 1, k ikiwa namba nzima. Baadaye mwanahisabati Lucas akaibana zaidi: 128k + 1. Sasa hesabu: 129, 257, 385, 513, 641. Tasa humo ni 257 na 641 tu. Na 257 huna haja ya kuijaribu, kwani 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 ni 4,294,967,295, yaani namba yetu kasoro 2. Lazima ibakize 2. Imebaki 641 peke yake.

Kuithibitisha nako hakuhitaji kugawanya. 641 ni 5 × 2^7 + 1, tena ni 5^4 + 2^4. Kwa hiyo, ukigawanya kwa 641, 5 × 2^7 inabakiza −1. Ipandishe kwa kipeo cha nne, 5^4 × 2^28 inabakiza 1. Lakini 5^4 ina baki sawa na −2^4. Ibadilishe, unapata −2^32 inabakiza 1, yaani 2^32 + 1 inagawanyika kwa 641, na kwisha. Mimi naona hii ndiyo ya kuwaonyesha vijana ubaoni, mstari kwa mstari.

Ile 6,700,417 ni tasa. Vigawo vyake ni vigawo vya namba yetu pia, basi navyo ni 128k + 1. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na tasa za 128k + 1 chini ya hapo ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409 basi. Jaribu zote tano, hakuna inayoigawanya.

Nilitaka kusahau: namba yetu ni 65,536² + 1², na pia ni 62,264² + 20,449². Namba tasa haikubali njia mbili za kuandikwa kama jumla ya miraba miwili.

Sasa niambie, programu umeiandika kwa lugha gani? Vijana wa Saida wameshazoea hesabu za baki, au waanzie kwenye saa? Rehema bado anabisha? Na ile 3 utaijaribu lini?

Wako,
Hamadi