Goti la binti yangu lilikatika kati ya picha mbili

Bwana Mhariri,

Nimeisoma mara mbili makala yenu kuhusu vifaa vinavyopima mwili wa mchezaji huko Ulaya: viatu vyenye bamba ndani ya soli, kamera, fulana zenye mtambo mgongoni. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni mstari wa mwisho, pale mwandishi wenu aliposema kwamba sisi wa Lubumbashi tutabaki watazamaji wa elimu hiyo mpaka siku tutakapopata pesa. Mimi ni mpiga video wa arusi, naishi Katuba, na ushahidi wa kumpinga ninao kwenye kadi ya kamera yangu.

Mwaka jana, mwezi wa saba, binti yangu alikuwa na miaka 17 na anacheza kiungo katika ekipe ya wasichana ya mtaani kwetu. Tangu wanawake wa TP Mazembe, klabu ya hapa Lubumbashi, walipotwaa kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 2024, wasichana wamejaa viwanjani, na wazazi tuliokuwa tukikataza tumegeuka kuwa mashabiki. Siku ile sikuwa na arusi, nikaenda na kamera. Mnajua mwezi wa saba kwetu: upepo baridi, vumbi, udongo mwekundu umekauka kama tofali. Mpira ukapigwa juu, binti akaruka, akaugusa kwa kichwa, akashuka kwa mguu mmoja. Hakuguswa na mtu. Waliokuwa karibu na mstari walisikia kitu kikilia “tuk”.

Kabla hajanyanyuliwa, watu walikuwa wameshapata jibu: ekipe ya wageni imefukia dawa za uchawi karibu na lango. Mama mmoja muuza karanga alimnyunyizia maji ya chupa akisali kwa sauti. Kwenye kituo cha afya walimpiga radio, yaani picha ya eksirei, wakaona mfupa mzima, wakamfunga bandeji, wakamwambia apumzike wiki tatu. Radio huonyesha mfupa. Kano, ile kamba inayofunga mfupa kwa mfupa, ikikatika haionekani pale. Wiki ya nne akarudi kiwanjani, akageuka tu kumfuata mpinzani, goti likamtoka tena. Ilipita miezi minne kabla mtu hajatutajia IRM, kipimo cha sumaku (MRI) kinachoonyesha kano.

Usiku mmoja nikaifungua ile video kwenye kompyuta, nikaisogeza picha kwa picha kama ninavyofanya ninapotafuta mahali pa kukata bibi arusi asionekane amefumba macho. Kamera yangu inachukua picha 25 kwa sekunde. Katika picha ya kwanza kidole cha mguu kinagusa udongo, na goti limekaa mahali pake. Katika picha inayofuata goti limeshaingia ndani, kama mlango ulioachia bawaba. Katikati hakuna kitu. Nilirudia pengine mara hamsini nikiitafuta ile picha ya katikati, na haipo.

Mpwa wangu anasomea kinezi, tiba ya viungo. Nilipomwonyesha alikaa kimya kidogo, kisha akanitumia kwenye simu muhtasari wa kazi ya watafiti wa Oslo, Norway, iliyotolewa mwaka 2010. Walikusanya video za wanawake kumi wa mpira wa mikono na wa kikapu ambao magoti yao yalikatika mchezoni, wakajenga umbo la mwili kwenye kompyuta na kulilinganisha na kila picha. Hiyo ndiyo biomekanika: kuusoma mwili kama mafundi wanavyosoma winchi, nguvu inaingia wapi, mzigo unakaa wapi. Wakaona kwamba kano msalaba ya mbele, iliyo katikati ya goti, huelekea kukatika mara tu mguu unapogusa chini: ukigawa sekunde moja vipande elfu, ni baada ya vipande kama 40. Gawanya sekunde moja kwa 25, Bwana Mhariri. Ni vipande 40 vilevile, kamili. Goti la mtoto wangu lilikatika katika nafasi iliyopo kati ya picha mbili za kamera ya arusi.

Ardhi ilikuwa inawasukuma wale wanawake kwa nguvu ya mara 3.2 ya uzito wao. Binti yangu ana kilo 55. Nikapiga hesabu: kilo 176, mifuko mitatu na nusu ya sementi, juu ya goti moja ambalo lilikuwa limenyooka mno na kuanza kulala kwa ndani. Na muda ule ni mfupi kuliko ubongo unavyoweza kujibu. Kochi anaweza kupiga kelele “kunja goti!” mpaka sauti ikauke, ujumbe utafika kano ikiwa imeshakatika. Mwili lazima uwe umejifunza kabla ya kuruka. Hapa ndipo penye jambo lote, na wasichana hukatika kano hii mara mbili au zaidi ya wavulana.

Mwandishi wenu alizisifu kamera za kuotea za Kombe la Dunia la Qatar, mwaka 2022. Ni kweli: kamera 12 chini ya paa, zikifuata sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde. Mara 50! Ni mara mbili tu ya kamera yangu. (Tena pale Abu Dhabi mwaka 2010, Kidiaba, kipa wa Mazembe, alipokuwa akishangilia kwa kurukaruka kwa makalio, ningetoa pesa yangu kuona bamba la kupimia nguvu lingeandika nini.)

Basi nikajiona mtaalamu. Nilichukua simu inayopiga picha 240 kwa sekunde, nikaweka kreti ya bia ya Simba chini, nikawaambia wasichana wa ekipe waruke kutoka juu yake mmoja mmoja. Nikawagawa: hawa magoti mazuri, hawa magoti mabaya. Nikampelekea kochi majina sita na kumwambia hawa ndio watakaoumia. Nilivimba kichwa wiki nzima. Kisha mpwa wangu akanitumia kazi nyingine ya walewale wa Norway, ya mwaka 2016: waliwarusha wachezaji 710 wa juu wa kandanda na mpira wa mikono kutoka kwenye sanduku, wakasubiri miaka, na mruko ule haukuweza kuwatenga watakaokatika na watakaosalimika. Nilirudi kwa kochi kuomba ile karatasi. Msichana mmoja kati ya wale sita alikuwa ameshaambiwa na mama yake aache mpira. Nilikwenda kwao mwenyewe kueleza, na sikukaribishwa kiti.

Kwa hiyo hakuna wa kuchaguliwa. Wanafanya wote, na cha kufanya kipo: mazoezi ya kupasha mwili ambayo FIFA na watafiti haohao wa Oslo waliyapanga, yanaitwa 11+. Dakika 20. Mbio nyepesi, kisha kulala kwa viwiko, kusimama mguu mmoja, kupiga magoti huku mwenzako amekushika vifundo nawe unashuka mbele polepole, kuruka na kutua kwa goti lililokunjwa likitazama vidole, kisha mbio tena. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya wasichana wa Norway wa miaka 13 hadi 17, klabu 125: majeraha makali yalipungua karibu nusu. Kochi wetu akacheka, “Hao ni Wazungu, wana nyasi.” Sawa. Nikamtolea Lagos, 2014: vijana 416 wa ligi ya vijana, timu 20, majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Lagos, si Oslo. Hapo hakucheka, ila alisema dakika 20 ni nyingi, kiwanja tunakigawana na ekipe mbili nyingine. Ana haki kidogo. Lakini dakika hizohizo anazitumia kuwazungusha kiwanja wakiimba.

Ombi langu ni dogo. Wasimamizi wa mechi za wasichana hukagua leseni na kucha kabla ya kipenga. Wakague pia kama ekipe imefanya mazoezi haya. Nanyi gazetini, badala ya picha ya kiatu cha dola mia mbili, chapeni michoro ya mazoezi yale kwenye ukurasa wa nyuma Jumamosi moja, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, maana makochi wengi wa mitaani Kifaransa cha madaktari hakiwafikii. FIFA huyatoa bure.

Binti yangu hajapasuliwa bado, tunakusanya. Jioni anakwenda kiwanjani na fimbo, anakaa kwenye ile kreti ya Simba, anahesabu sekunde za wenzake wakisimama mguu mmoja, na ni mkali kuliko kochi. Mkichapa michoro, niwekeeni nakala kumi. Nitazilipia.

Mpiga video wa arusi,
Katuba, Lubumbashi