Kabla hujatuma pesa Istanbul

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalam aleikum. Hapa sote wazima, joto tu ndilo linatutesa. Mama anakusalimia sana na anauliza ule mkeka aliokuagiza umefikia wapi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikata maneno, na hili la kwenda kupasuliwa pua kwenye hospitali ya Istanbul nataka ulisome lote.

Picha zako nimezipata: ya mbele, ya ubavuni, ya kutokea chini, na ile watu wa hospitali walivyokutengenezea kwenye kompyuta kukuonyesha utakavyokuwa. Sikulaumu kwa kutaka. Tumekaa dawati moja, majina waliyokuita nayajua, na najua kwa nini kwenye picha zote za harusi ya Saumu umeinamisha uso. Wanaosema pua ni ya Mungu, iache, hawajaitwa hayo majina. Mwaka 1898 daktari mmoja wa Berlin, Jacques Joseph, aliwaeleza madaktari wenzake habari za kijana aliyempunguza pua. Kijana hakuwa na ugonjwa wowote, alikuwa akiona haya kutoka mbele za watu, na baada ya upasuaji akaanza kutoka. Kwa hiyo haya ni sababu ya kutosha, nami yako siibezi.

Lakini hiyo amana, pesa ya kutanguliza wanayoitaka Istanbul, usiitume kwanza, Mwanaidi. Nakuomba.

Katika maswali yote waliyokutumia, hakuna hata moja la unapumuaje. Wameuliza uzito, sukari, presha, sigara, basi. Na wewe tangu ile ajali ya bodaboda unalala mdomo wazi, unakoroma mpaka Hamisi anahamia sebuleni, na yale matone ya pua ya duka la dawa hayatoki mkobani. Hayo nayo punguza, tena haraka. Ukiyatumia zaidi ya siku chache mfululizo, yakiisha nguvu pua huziba kuliko mwanzo, unatia tena, na hutoki humo.

Fanya hivi kesho ukiamka. Chukua kijiko cha chuma kilicho baridi, kishike chini ya pua, funga mdomo, pumua taratibu, kisha tazama ukungu. Ukiwa mpana upande mmoja na upande wa pili hauonekani, hewa huko haipiti vizuri. Halafu weka vidole shavuni kando ya pua, ulivute shavu pole pole kuelekea sikioni. Pumzi ikifunguka ghafla, niambie, daktari atataka kulijua hilo. Hivi si vipimo vya kumaliza maneno, ila vitakuonyesha kwamba sizungumzi hewani.

Ninachoshuku ni kwamba ukuta wa katikati, ule unaotenganisha tundu mbili, ulipinda siku ile. Sehemu yake ya mbele ni gegedu, ile nyama ngumu inayopindika kama ya sikioni, na ndiyo nguzo inayobeba pua. Kuunyoosha ni upasuaji unaojitegemea: hupitia ndani, nje hauachi kovu, na madaktari wa masikio, pua na koo wanaufanya hapa hapa nchini. Sura ya nje ni kazi nyingine. Zote mbili zinaweza kufanywa siku moja chini ya nusukaputi, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Gegedu la kujengea ncha ya pua mara nyingi hutolewa kwenye ukuta huo huo, na mpasuaji hulazimika kubakiza ukanda wa juu na wa mbele, upana wa kama sentimita 1, la sivyo mgongo wa pua unaweza kuzama. Likishatolewa limetolewa. Ukija kuhitaji marekebisho watalitafuta sikioni au kwenye mbavu. Sasa mtu anakupangiaje haya yote kwa picha, hajatia hata taa ndani ya pua?

Na pua zetu nyingi zina ngozi nene na gegedu laini kwenye ncha. Ukikata na kupunguza tu, ngozi nene haifuati, ncha inabaki ya mviringo, haina umbo. Mimi nashinda chumba cha upasuaji, na wapasuaji ninaowaamini kwa pua kama zetu hujenga zaidi kuliko wanavyokata. Mabawa ya pua yanaweza kupunguzwa kwa kukata kipande kidogo pale yanapokutana na shavu, na kovu hujificha kwenye mkunjo. Lakini wewe una lile kovu lililofura sikioni ulipotoboa. Umewaambia? Kwenye fomu uliyonitumia sikuliona.

Halafu fikiria baada yake. Plasta ngumu juu ya pua kama wiki moja, weusi chini ya macho wiki mbili hivi, lakini uvimbe wa ncha hushuka polepole mwaka mzima, na kwa ngozi nene hupita hapo. Isiponyooka vizuri, kurudia kwa kawaida husubiri kama mwaka. Wao watakuwa Istanbul, wewe Tanga. Damu ikitoka usiku utampigia nani?

Yule wa saluni anayesema atakuinulia pua kwa sindano ya dawa ya kujaza, achana naye kabisa. Sindano huongeza, haipunguzi kitu. Tena mishipa ya damu ya pua imeungana na ya jicho. Dawa ikiingia mshipani, ngozi inaweza kufa, na mtu anaweza kupofuka pale pale kitini. Hili linanikasirisha mpaka nashindwa kuliandika vizuri.

Nirudi kwenye lile lile: kwanza akutazame mtu ndani. Njoo Dar, ulale kwangu, tuende wote. Akisema pumzi iko sawa na bado unataka Istanbul, nitakaa nawe tuandike maswali ya kuwauliza, na kama mchango wangu unahitajika utaupata.

Jambo jingine, binti yako Zuhura. Hamisi anasema naye ameanza kujipiga picha za ubavuni. Pua ya msichana huendelea kukua mpaka miaka 15 au 16, kwa hiyo kwake yeye hakuna la kuamua sasa. Lakini ana pua yako ile ile, na anakusikia unavyoizungumza. Umekaa naye?

Hebu nijibu haya. Amana wanataka kiasi gani, na wakiighairi inarudi? Mpasuaji mwenyewe umeongea naye, au wale wa ofisini tu? Picha za watu wenye ngozi kama yetu aliowapasua wamekuonyesha, za baada ya mwaka, si za wiki ya pili? Bima ya Hamisi bado inafanya kazi? Kwa kawaida bima hukataa urembo, ila ya kupumua unaweza kuiombea. Na kijiko kimesemaje?

Kliniki ni Jumatatu, na jina lako nitaliandikisha mimi. Nijibu kabla ya Ijumaa.

Wako,
Tatu