Shoga, msimfanyie mzee kila kitu

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole sana kwa kuuguza. Barua yako imeniliza, hasa pale uliposema tangu mzee arudi kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road mnamwogesha, mnamlisha, na barazani hataki hata kutoka.

Mama naye, na miaka yake 74, alipomaliza dripu za saratani ya titi tulimlaza kama mzazi wa siku tatu. Akishika kikombe, tunampokonya. Tukaona ndiyo mapenzi, kumbe miguu inazidi kulegea kwa kulala tu.

Ndipo watu wa tiba shufaa, wale wanaowapunguzia wagonjwa maumivu na mateso, wakatuletea mtoa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mgonjwa arudi kujifanyia shughuli zake za kila siku; binti aliyesomea hospitali ya KCMC kule Moshi. Hakuja na dawa. Alimuuliza mama, "Bibi, unatamani kufanya nini mwenyewe?" Wala hakufikiri: kusuka ukili, na kwenda chooni bila kushikwa.

Binti akamwomba atembee hadi chooni, yeye nyuma anamwangalia. Mkeka uliokuwa ukimkwaza mlangoni ukaondolewa. Fundi seremala akachonga kiti chenye tundu, kinakaa juu ya choo chetu cha kuchuchumaa, na ukutani akapigilia mbao ya kushikia. Kuoga kukahamia jioni, tena ameketi kwenye stuli, maana akioga asubuhi siku nzima imekwisha. Uchovu wa saratani, shoga, hauondoki kwa usingizi. "Bibi, nguvu zako ni kama uniti za umeme wa luku," alimwambia, "chagua mwenyewe pa kuzitumia."

Vidole vilikuwa na ganzi kwa zile dawa, hata maji ya moto havisikii. Sasa anapima kwa kiwiko cha mkono wa upande ambao hakupasuliwa. Ukili alianza na miyaa mipana yenye rangi, macho yavisaidie vidole. Ungemwona! Kaegemea kiti, mkono wa upande aliopasuliwa uko juu ya mto, anasuka kidogo, anapumzika. Ukatoka umepinda. Akaufumua wote akaanza upya, na mimi niliyenyoosha mkono kumsaidia nikafokewa. Sijawahi kufurahia kufokewa kama siku ile.

Siku ya kliniki waulizeni habari za mtoa tiba kwa vitendo, msingoje kuambiwa. Mwelezeni kwamba saratani ya mzee ni ya tezi dume, kwa sababu saratani hiyo hupenda kwenda mifupani, na mazoezi yake lazima yapimwe kwa hilo. Mzee akilalamika mgongo, au miguu ikiisha nguvu ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Na lile bao lake liko wapi? Muulize kama analitaka. Likae juu ya meza, asiiname.

Vipimo vya kiti nimeviandika nyuma ya karatasi hii, mpe fundi wenu.

Akupendaye,
Shogayo