Risala yako nimeitia wino mwekundu

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu,

Hujambo mama? Huku hatujambo, ila baba yako goti limemrudia na mvua hizi. Risala uliyonitumia kwenye simu nimeipata. Macho yangu hayaziwezi tena herufi za kwenye kioo, nikaenda kuichapisha steshenari ya pale stendi. Kurasa sita! Nikakaa barazani, saa ya ukutani nimeiegemeza kitini, nikaisoma kwa sauti kama niko jukwaani. Dakika 22. Na wewe umesema kamati imekupa saba.

Usiniambie utasoma haraka haraka. Wote husema hivyo.

Nimefurahi wenzako kukuchagua usome Siku ya Wauguzi mbele ya mkuu wa mkoa. Lakini nimefundisha miaka 36, na risala nimeandika nyingi kuliko barua alizoniandikia baba yako wakati wa uchumba, kwa hiyo vumilia wino mwekundu.

Kuna mahafali moja ya darasa la saba sijawahi kukusimulia. Risala niliandika mimi. Tuliomba mambo tisa: vyoo, kisima, madawati, nyumba za walimu, na mengine. La tisa, mwisho kabisa, mwalimu wa michezo alinibembeleza niongeze mipira miwili. Mgeni rasmi akasikiliza, akaandika andika, akasimama: mengine yote ameyapokea, atayafikisha kunakohusika. Ila kuhusu mipira, anatoa mipira mitano hapo hapo! Vigelegele. Wazazi wakainuka kucheza. Mwaka uliofuata choo cha wasichana kilititia, watoto wakawa wanakimbilia kwa jirani, na mipira tunayo. Sikumlaumu yule bwana. Uchochoro wa kutokea tulimchongea wenyewe.

Risala ina jambo ambalo hotuba nyingine hazina: ukimaliza, mtu anasimama kukujibu. Basi anzia hapo. Chukua karatasi tupu, andika ile sentensi moja unayotaka mkuu wa mkoa aitamke akishika kipaza sauti. Ukishaipata, rudi nayo nyuma, na kila aya isiyomsukuma kuelekea kwenye sentensi hiyo, ipige kalamu.

Wewe umeomba mambo kumi na moja. Kupandishwa madaraja, malimbikizo, posho ya sare: yote haki yenu, ila mkuu wa mkoa atasema amepokea, na kweli hana la zaidi, hayo hayaamuliwi na yeye. Namba nane, umeifukia katikati kwa mstari mmoja, "kuboresha mazingira wezeshi ya usafiri kwa watumishi wa zamu". Mwanangu, hiyo ni nini? Hilo si ndilo gari la kuwarudisha nyumbani mnaotoka zamu usiku? Mbona uliponipigia simu ile Februari hukusema mazingira wezeshi? Uliniambia umevuka korongo viatu mkononi, tochi ya simu inakufa, na bodaboda mmoja anakufuata nyuma polepole bila kuwasha taa. Sikulala usiku ule. Anza na korongo. Hilo gari mkuu wa mkoa anaweza kumgeukia mganga mfawidhi pale pale akamuuliza, watu wote wakisikia.

Kamati watakuja juu, watasema umewaacha wenzako. Waambie risala ikishasomwa hukabidhiwa. Mambo yote kumi na moja yakae kwenye nakala unayomkabidhi, yamepangwa vizuri, na wewe useme tu kwamba mengine yamo humo. Unachosoma na unachokabidhi si lazima vilingane.

Ukurasa wako wa kwanza wote ni historia ya Florence Nightingale, yule muuguzi Mwingereza. Amezaliwa 12 Mei 1820, sawa, ndiyo asili ya siku yenyewe, lakini wauguzi waliokaa juani wanaijua na mgeni ataisahau. Na kitu chake cha maana umekiruka. Aliporudi kutoka vita vya Crimea hakutegemea maneno peke yake. Alichora mchoro wa vifo vya askari, ukimwonyesha yeyote mwenye macho kwamba waliouawa na maradhi yanayozuilika walikuwa wengi kuliko waliouawa na majeraha. Ukitaka kumtaja, mtaje kwa hilo, sentensi mbili, kisha ingia korongoni.

Novemba 1978 nilikuwa na miaka 15. Tulijazana kwa babu yako kwenye redio, Mwalimu Nyerere akiwahutubia wazee wa Dar es Salaam baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera. Alieleza mengi siku ile. Lakini kesho yake shuleni kila mtoto alikuwa na maneno matatu mdomoni: uwezo, sababu, nia. Mpaka leo mwulize mtu wa rika langu, atakutajia hayo matatu, na mengine yote ya hotuba ile atababaika. Kwa hiyo na wewe mwili wa risala usizidi vigingi vitatu. Mimi ningeweka: lililotokea, linawapata wangapi kwa mwezi (kahesabu kwenye daftari la zamu, usikisie), na gari moja litamaliza nini.

Itifaki isikuumize kichwa. Siku moja kabla mwulize afisa itifaki nani watakuwepo na vyeo vyao sahihi, taja watatu wanne, wengine itifaki imezingatiwa.

Karatasi zako chapisha herufi kubwa, upande mmoja, na uandike namba za kurasa, maana upepo wa Dodoma naujua na turubai halina ukuta. Mahali pa kupumua weka alama ya mkwaju (/). Ukifika kwenye korongo nyanyua macho, usisome, simulia. Neno likikukwama ulimi mara mbili ukiwa mazoezini, litupe, halitakuwa rafiki yako kwenye kipaza sauti.

Andika upya, kisha Ijumaa saa 3 usiku nipigie unisomee yote. Nitakuwa na saa. Baba yako naye atasikiliza, akianza kusinzia nitakuambia ni aya gani.

Zile kurasa sita nimeziweka kwenye kiroba cha machungwa, kesho asubuhi nampa kondakta wa basi la Dodoma. Kiwahi jioni stendi, mwaka jana walitujazia mengine yaliyooza. Na hao kamati usiwape machungwa mpaka wamekubali namba nane iwe namba moja.

Mama yako